Kapita wa Atelye, na Mama Mukwe Niliyemuletea

Naanza na ukweli: mu hii habari mujinga ni miye. Nawaambia mapema musisumbuke kumutafuta. Lakini musifikiri kwamba kwa sababu miye ni mujinga, basi Kapita alikuwa mutu mwema. Hapana. Mutu anaweza kuwa mujinga na adui yake akawa mubaya vilevile. Kwa Mungu kuna nafasi ya watu wote wawili.

Miye ni mutu wa Kigoma. Nilivuka ziwa na miaka kumi na saba, na primeri yangu tu mu kichwa, nikaja Kalemie kusoma useremala ku atelye ya mapadri. Wakati ule mji ulikuwa ungali na jina ya wazungu, lakini sisi watu wa ziwa tulisema Kalemie. Kongo ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, sisi kule ng'ambo tulikuwa tunangoja yetu. Mu karatasi ya Padri nilikuwa "mugeni anayesoma." Mu mudomo ya Kapita nilikuwa "Kigoma." Jina yangu ya ubatizo hakuitaja hata siku moja, na miye hapa sitaitaja yake. Tuko sawa.

Kapita njo alikuwa mukubwa wa atelye na wa nyumba yetu ya kulala. Padri alikuwa na funguo, Kapita alikuwa na sisi. Alikuwa mufupi, na kifua sawa pipa, na miguu myembamba kama ameiazima kwa mutu mwingine. Krayon, ile penseli ya seremala, ilikaa ku sikio yake siku zote, hata siku ya Mungu, hata wakati anapokea komunyo. Gaspari, rafiki yangu wa Rumonge, alisema ile krayon ilizaliwa naye, njo sababu mama yake aliumia.

Hakupiga kelele. Hiyo njo ilikuwa mubaya. Mutu wa kelele unamusikia toka mbali, unajipanga. Kapita alikuwa anashusha sauti. Akikuita "weye Kigoma," ni amani. Akikuita "mutoto wangu," tafuta mulango. Na alikuwa na maneno yake, kila seremala aliyepita pale anayajua: "Mbao haijue jina ya baba yako." "Musumari ni uongo ya chuma." Ukimwuliza kazi imekuwa muzuri ao mubaya, anasema: "Uliza mutu atakayeikalia."

Siku moja alimuchapa Gaspari fimbo tatu juu ya misumari tatu aliyopinda. Jioni tukamuona nyuma ya nyumba yake, ameketi na jiwe, ananyosha ile misumari tatu, polepole, sawa mama anayetafuta chawa mu kichwa ya mutoto. Na alikuwa anacheka? Hapana. Kapita alicheka kwa wanyama tu. Mbuzi ikipiga chafya, atacheka mpaka machozi itoke. Mutu akianguka na mbao ku mabega, atauliza mbao imeumia wapi.

Nitasema na ingine, hata kama inaniuma kuisema. Kabulo, mwenzetu wa Zongwe, alipopata homa kubwa, Kapita alikaa ku kitanda yake siku mbili, anamupangusa na maji, hakuenda kwake. Kabulo akapona. Asubuhi ya kwanza Kapita akamupa fagio: "Homa imekupumzisha. Fagia atelye yote." Na wakati barua ilikuja toka kwetu kwamba baba amekufa, ni Kapita aliyenipa siku mbili ya kulia, na akaja akaketi karibu yangu ku benchi bila kusema neno, mpaka jua ikashuka. Mushike ile benchi. Ile benchi njo inafanya jambo inayofuata lisisameheke hata kidogo.

Nilikuwa natengeneza sanduku ya mama yangu. Majuma kumi na moja. Mbao ya muninga, bila musumari hata moja, pembe zote zimeshikana kwa meno ya mbao, kifuniko inafunga na sauti laini. Nilitaka mama aweke vitenge vyake vya ujane. Siku ya mwisho wa mwaka wazazi wa mji walikuja kuona kazi yetu, kila mutu amesimama mbele ya kazi yake na shati safi. Kapita akapita. Akafika kwangu. Akagonga sanduku na kidole, akainama, akaweka kucha mu pembe moja, ya chini, ya nyuma, pembe ambayo hata mende haitaiona.

"Mutoto wangu," akasema. "Hapa inapumua."

Akachukua musumeno. Mbele ya wale wamama na watoto na Padri, akaikata sanduku yangu katikati. Alikata muzuri, hiyo siwezi kumunyima. Kisha akanipa vipande viwili, kimoja huku, kimoja huku.

"Nusu peleka kwa mama yako," akasema. "Nusu ingine kwa baba."

Watu walicheka. Hawakujua. Yeye alijua. Alikuwa ameketi na miye ku benchi.

Toka ile siku nilikuwa nalala na Kapita na kuamuka na Kapita. Nilikuwa namuzika mu kichwa yangu kila siku na sanduku mubaya, ya misumari, inayopumua pande zote.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja ya posho, mashine ya kupasua mbao ikafa asubuhi. Kazi hakuna. Kapita ameenda ku garaji kutafuta kipande ya mashine. Kabulo akasema kaka yake anarudi Zongwe na boti ya motere, sasa hivi, na kesho kisha misa atapakia samaki na kurudi Kalemie.

"Tuende," nikasema.

"Bila ruhusa?" Gaspari akauliza.

"Ruhusa iko ku garaji, inatafuta kipande."

Basi tukaenda, na nguo tuliyovaa, unga wa mbao mu nywele. Sikuwa na mupango. Nilitaka tu siku moja bila kumuona. Ziwa ilikuwa laini, milima upande wa kuume, Gaspari anaimba na sauti ya bata, kaka ya Kabulo anatuambia tusisimame wote upande moja. Mbele jua halijashuka tukafika Zongwe. Mama ya Kabulo akatupikia bukari, ule ugali wa kwao, na samaki mikebuka bichi, tukala mpaka mukanda ukalalamika.

Pale njo nikamukuta yule Mama. Alikuja kusalimia, mwanamuke mukubwa, mabega ya mubeba mizigo, anacheka mbele ya kuambiwa neno. Akasikia tunatoka atelye.

"Atelye ya mapadri? Basi kapita yenu ni mukwe wangu! Amemuoa binti yangu, miaka tisa. Munamuona?"

"Tunamuona, Mama," Gaspari akasema. "Hata tukifunga macho."

"Miye sijamuona. Akija huku, akisikia sauti yangu anaruka dirisha." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hajanifungulia macho yule. Na binti kila mara ananiambia, Mama, kuja, Mama, kuja. Nitakuja namna gani, mukwe hajaniita?"

Sikuelewa yote. Kabulo akanieleza pembeni. Kwa watu wa kule, mwanaume hatazame uso ya mama mukwe wake. Wakikutana mu njia, yeye anaingia mu majani. Hasemi naye, hali mbele yake. Siku akimupa kitambaa na kuku na wakakula pamoja mbele ya watu, njo kufungua macho, haya inaisha. Mutu asiyefungua, hata kama ni mufalme, atakimbia.

"Atakimbia kweli?" nikauliza.

"Kweli kabisa."

"Hata Kapita?"

Kabulo akanitazama. "Kigoma," akasema, "toa ile kitu mu macho yako."

Lakini nilikuwa nimesharudi kwa Mama. "Mama," nikasema, na sauti ya mutumishi wa misa, "tunaomba musamaha, tulisahau neno tuliyotumwa. Mukwe wako anakuita."

Akaketi chini. Kisha machozi ikamutoka. Sikuwa nimefikiri juu ya machozi. Nikatazama upande.

Kesho yake tukarudi naye, amevaa kitenge mupya, mapajani mwake kuku mbili na mufuko wa unga. Gaspari hakuimba tena. "Weye utatuzikisha," aliniambia toka Zongwe mpaka tukaona nyumba za Kalemie.

Saa kumi jioni boti ikakaribia muchanga. Na nani amesimama pale, peke yake, mikono nyuma, krayon ku sikio? Alikuwa ametungoja toka mchana. Pale wamama wa soko wameanika ndagala, wale dagaa wa ziwa, chini, eneo kubwa, inang'aa sawa feza. Hakuna muti, hakuna ukuta, hakuna majani.

"Batoto yangu," akasema polepole, boti ikigusa chini. "Mutoto wangu Kigoma. Leo unarudi kwenu."

"Papa Kapita," nikasema, "tumekuletea mugeni."

Na Mama akasimama mu boti.

Rafiki zangu, nimeona kiboko inatoka mu maji, nimeona gari la moshi inaanguka reli, lakini mutu kukimbia namna ile sijaona. Alirusha kofia ku uso, akageuka, akaenda na ile miguu yake ya kuazima, hakuona, akaingia mu ndagala, akateleza, akalala kifudifudi, akaamuka, akaanguka tena. Wamama wanapiga kelele: "Ndagala yetu! We, Papa, ndagala yetu!" Aliposhika njia ya kupanda, mugongo na kifua vilikuwa vinang'aa samaki. Muchanga muzima ulicheka. Hata mbuzi moja ilisimama kumutazama, na ile mara yeye hakucheka.

Nilikuwa na furaha ambayo si ya Kikristo.

Ningekufa ile saa ningekufa tajiri. Lakini Mama alinishika mukono. "Weye njo ulileta neno yake," akasema. "Basi weye njo utabeba maneno yote, yake kwangu, yangu kwake, mpaka anifungulie macho. Kwetu ni hivyo."

Jioni ile nilikuwa mbele ya nyumba ya Kapita, Mama ku kiti mbele ya mulango, yeye nyuma ya nyumba, miye nazunguka katikati. Na neno ya kwanza ya Mama ilikuwa: "Muulize mukwe, ameniita kwa sababu gani?"

Nikazunguka nyumba.

Kapita alikuwa anapiga randa ku mbao. Angali na ndagala moja mu kola. Nikamupa ile neno. Akasimamisha randa.

"Mutoto wangu. Miye nilimuita?"

"Hapana, Papa."

"Sasa nikimwambia sikumuita, nimemufukuza. Mama mukwe hafukuzwe. Basi nilimuita." Akapuliza vumbi ku mbao. "Mwambie nilimuita nimufungulie macho. Natafuta kitambaa muzuri, angoje. Na weye sikia. Siku Mama atarudi Zongwe, siku ile utapanda boti ya Kigoma. Bila diplome. Padri nimeshamwambia."

Diplome ilikuwa imebakia miezi ine. Na ile karatasi njo ilikuwa mutaji wa mama yangu wote, toka baba aende. Bila ile karatasi, miye ni mutu anayejua kushika nyundo, na ku Kigoma hata watoto wanajua kushika nyundo.

Basi mukaona mujinga namna anafanya kazi. Nilimuombea Mama asirudi kwake. Nilimutekea maji mbele muke ya Kapita hajaamuka. Nilimutafutia mikebuka. Nikamwambia ziwa imechafuka, ilikuwa laini sawa sahani. Nikamwambia kaka ya Kabulo motere yake imekufa, na motere nasikia inapita pale chini, pu-pu-pu, Mama anasema, "Ile inalia namna ya kwake." "Hapana, Mama, ile ni yenye kufanana." Nilimuchekesha mpaka akasema hajapumzika hivi toka azaliwe. Juma ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Na kwa sababu nilijua mwisho nitafukuzwa tu, nikaanza kuongeza maneno.

Mama alikuwa anasema: "Mwambie mukwe, mafuta ya mawese imeisha." Miye nazunguka nyumba, nasema: "Mama anasema mafuta imeisha. Na anasema, mutu anayekata kazi ya watoto atazeeka bila meno."

Kapita hawezi kugomba na mama mukwe. Hata akitukanwa, anainama. "Mwambie Mama, mafuta itakuja," anasema. "Na juu ya meno, asante."

Asante! Miye nilikuwa narudi mbele naruka. Kila jioni nilipanga neno mupya. Mama anasema chumvi, miye nasema chumvi na roho mubaya. Mama anasema paa inavuja, miye nasema paa inavuja sawa huruma yako. Anainama, anapiga randa, anasema asante. Majirani walianza kuja jioni kumusalimia Mama, wanaleta hata viti vyao. Nikafikiri, kweli wanamupenda yule Mama.

Juma ya tano nikajisikia nguvu. Mama alisema tu anataka samaki kesho. Nikazunguka. "Mama anasema anataka samaki kesho," nikasema. "Na anauliza, ile nusu ya sanduku ilikuwa ya baba gani?"

Randa ikasimama. Hakuinama. Hakusema asante. Upande wa mbele wa nyumba kulikuwa kimya vilevile, mutoto alikuwa analia akanyamaza. Kapita alitazama ile mbao muda murefu, akatoa krayon ku sikio, akairudisha.

"Mwambie Mama," akasema. Akangoja. "Mwambie Mama kesho kutakuwa samaki."

Nikarudi mbele na samaki tu.

Siku ya Mungu iliyofuata Kapita akamufungulia Mama macho. Kitambaa cha bluu, kuku ya kupika, majirani wote ku uwanja. Wakamuweka Kapita mbele ya Mama, ametazama chini, jasho mpaka ku vidole. Akanyosha kitambaa. Mama akapokea. Kapita akainua uso, na mara ya kwanza mu miaka tisa wakatazamana.

"Mama," akasema, "mambo ya meno, ya huruma, ya sanduku, najua hayakuwa maneno yako."

"Hapana, mukwe," Mama akajibu. "Lakini mengine yalikuwa mazuri kuliko yangu."

Uwanja ukaanguka kwa kucheka. Miye nimesimama na sahani ya bukari.

"Mutoto," Mama akaniambia, na huruma, "nyumba hii ni ya udongo, na juu ya ukuta ni wazi. Moshi inapita. Maneno ishindwe?"

Walikuwa wanasikilizana toka siku ya kwanza. Kila neno. Kuzunguka nyumba ni heshima tu, mutoto wa miaka mitano wa pale anaijua. Na vile viti vya majirani! Walikuwa wanakuja kunisikiliza miye. Majuma matano watu wa njia nzima walikula kisha wakaja kunisikia. Mutu moja wa reli akaniuliza kama kesho nitakuwako.

Mama akamushika Kapita mukono. "Mukwe, mwache mutoto amalize masomo yake."

Na Kapita, ambaye sasa alikuwa na ruhusa ya kusema naye, ruhusa niliyomutafutia miye, akasema: "Mama, hayo ni mambo ya kazi."

Asubuhi Mama akarudi Zongwe, na Kapita akanipeleka ku bandari yeye mwenyewe, amebeba mufuko wangu. "Matusi nimekusamehe," akasema. "Jumamosi, hapana." Gaspari na Kabulo walipewa kufagia miezi mitatu. Mama yangu ku Kigoma hakuniuliza kitu. Aliangalia mikono yangu, hakuona karatasi, akaenda kuwasha moto.

Gaspari akapata diplome yake, kisha akapata kazi ya kutengeneza boti za abiria, akaniita niwe naye. Mwaka wa sitini na tano, baada ya ile fujo yote ya vita, boti yetu ilikuwa inavuka kati ya Kigoma na Kalemie. Miye nilikuwa nasimama ku ngazi, napandisha watu. Na miaka mitatu ile nilikuwa nimetengeneza hotuba. Gaspari anaijua toka neno ya kwanza. Ilikuwa inaanza na benchi, inapita ku sanduku, inaingia kwa mama yangu anawasha moto, na mu mwisho kulikuwa neno moja juu ya baba, ambayo nilikuwa naipiga randa kila siku.

Basi siku moja, saa tano ya asubuhi, mu mustari ya abiria, nikaona krayon.

Alikuwa amekonda. Kifua imekuwa ya mutu wa kawaida, inafanana na miguu. Atelye ilikuwa imevunjwa, watu walibeba hata mabenchi. Mukononi alikuwa na mufuko moja, ncha ya musumeno inatoka.

"Weye Kigoma," akasema. Sauti ileile. "Nasikia kwenu kuna kazi ya mbao."

Nikafungua mudomo. Nyuma yangu kulikuwa benchi nzima ya wazi, imekaliwa na kuku tatu.

"Boti imejaa," nikasema.

Akatazama benchi. Akatazama kuku. "Haya," akasema. Akageuka, akaenda kuketi ku muchanga na mufuko yake mapajani, na hakuniomba mara ya pili.

Tukaondoka. Gaspari alikuwa amesikia yote, ameshika nyundo. Alingoja mpaka mji ukawa mudogo, kisha akaniambia: "Miaka mitatu unatunyima usingizi na hotuba yako. Mutu amefika, amesimama, amekungojea. Na weye umempa neno ya karani wa tikiti."